Ndoo, Magunia na Hesabu ya Mboga

Kuna dai linalorudiwa sana siku hizi katika semina za ujasiriamali, katika vipindi vya redio vya asubuhi na katika matangazo ya wauzaji wa miche: kwamba familia ya mjini, hata ikiwa inaishi chumba na sebule, inaweza kuacha kabisa kununua mboga endapo itapanda kwenye ndoo, makopo na magunia yaliyopangwa barazani. Dai hili lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana linastahili kupimwa badala ya kupokelewa au kukataliwa zima zima. Mimi mwenyewe napanda kwenye vyombo, katika roshani ya ghorofa ya pili jijini Dar es Salaam, huu ukiwa mwaka wa nne, na ninaipenda kazi hii kiasi cha kutotaka ipewe sifa zisizo zake, kwa sababu mtu aliyeahidiwa kilo akavuna konzi mbili huitupa ndoo na hataki tena kusikia habari za bustani.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wahamasishaji wengi hupita haraka. Ndoo ya rangi ya lita 20, ambayo ndiyo chombo kilichozoeleka zaidi, ina mdomo wa upana wa sentimita 30 hivi, yaani eneo lisilozidi sana sehemu moja ya kumi na nne ya mita ya mraba. Tuta la mchicha lililotiwa samadi na kumwagiliwa vizuri tunaweza kulikadiria kutoa kilo mbili kwa kila mita ya mraba linapovunwa, wiki tatu hadi nne baada ya kusia mbegu. Kwa makadirio hayo ndoo moja hutoa gramu 140, nazo zikishaingia sufuriani hunywea zikabaki vijiko vichache. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Familia ya watu watano ikiridhika na robo tu ya kiasi hicho, yaani nusu kilo ya majani kwa siku kwa wote, itahitaji kilo 15 kwa mwezi, ambazo ni mavuno ya ndoo zaidi ya 100. Hakuna roshani ninayoijua inayobeba ndoo 100.

Watetezi wa kilimo hiki watajibu, na jibu lao lina uzito, kwamba mchicha wa kung'olewa si kipimo cha haki. Matembele, chainizi na sukuma wiki huchumwa jani kwa jani kwa miezi kadhaa, na zaidi ya hapo kuna gunia, ambalo hubadilisha hesabu yenyewe kwa sababu hulimwa ubavuni. Gunia lenye upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 80 hukalia sakafu isiyofika robo ya mita ya mraba, lakini ubavu wake pamoja na mdomo wake hutoa karibu mita moja na nusu ya kupandia. Utengenezaji wake ni wa akili sana. Kopo kubwa lililotolewa kitako husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto, udongo uliochanganywa na samadi huwekwa pembeni, kisha kopo huvutwa juu na kujazwa tena, hatua kwa hatua, hadi gunia lijae na kuwa na nguzo ya kokoto katikati inayopeleka maji chini. Bila nguzo hiyo miche ya juu huoza kwa maji na ya chini hufa kwa kiu.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Kibera, Nairobi, ambako baada ya machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007, na chakula kilipoadimika na kupanda bei, shirika la Ufaransa la Solidarités lilisaidia kaya nyingi kuanzisha bustani za magunia kwa kuzigawia miche. Watafiti waliozifuatilia kaya hizo baadaye walieleza kwamba waliolima walikula vyakula vya aina nyingi zaidi, na kwamba ujirani wao uliimarika, kwa kuwa watu walipeana miche, maji na majani. Huo ni ushahidi mzuri, lakini tuusome ulivyo. Watu wa Kibera hawakuacha kwenda sokoni. Walipata kitu cha kuongeza juu ya ugali siku ambayo mfukoni hamna kitu, na kwa kaya inayoishi kwa kibarua cha siku tofauti hiyo ni kubwa sana, ingawa si ile inayohubiriwa semina. Katika roshani, tena, ubavu mmoja wa gunia huelekea ukutani na kukosa jua, kwa hiyo nusu ya ile mita moja na nusu hubaki ya kuhesabiwa kwenye karatasi.

Faida ambayo naiona kubwa kuliko kilo ni kujua mboga imetoka wapi. Sehemu kubwa ya mchicha na matembele tunayokula Dar es Salaam hulimwa ndani ya jiji na pembezoni mwake, mengine kandokando ya Mto Msimbazi, unaopokea majitaka ya makazi na ya viwanda. Tafiti zimewahi kukuta risasi na kadimi, madini yenye sumu, katika mboga za bonde hilo, na madini hayo hayatoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Mzazi anayemchumia mtoto wake majani kutoka kwenye udongo alioujaza kwa mikono yake ana haki ya kuuona utulivu huo kuwa na thamani kuliko bei ya fungu. Sharti lake ni kwamba udongo nao uwe safi. Udongo uliochotwa kando ya barabara kubwa, karibu na gereji au chini ya ukuta unaobambuka rangi ya zamani humrudisha alikotoka, na ndoo iliyowahi kubeba kemikali haifai hata ikioshwa mara saba.

Faida nyingine tunayo tangu kale, ila hatujaihesabu kama kilimo. Katika baraza na nyua za Mombasa, Lamu na Unguja, bibi zetu walipanda mrehani, asumini na mchaichai kwenye makopo ya samli na masufuria yaliyotoboka, wakachuma kidogo kidogo kwa ajili ya chai na kwa ajili ya kikuba. Walichagua mimea ambayo jani moja lina kazi. Nadhani waliielewa hesabu ya chombo vizuri kuliko sisi. Giligilani, mnanaa, pilipili, vitunguu vya majani na mrehani hutumika kwa vijiti viwili vitatu, na vikinunuliwa fungu zima nusu yake hunyauka kabla ya kesho kutwa. Chombo kimoja cha viungo hivyo huokoa fedha nyingi kuliko vyombo vitano vya mchicha.

Upande wa pili wa mizani jambo zito kabisa ni maji. Udongo wa shambani huhifadhi unyevu chini, na mizizi huufuata. Udongo wa ndoo hauna chini yoyote ya kwenda, na jua la Januari likipiga ndoo nyeusi, mizizi iliyogusa ukuta wa ndoo huungua. Gunia lililostawi linaweza kunywa lita saba kwa siku ya jua, yaani madumu kumi ya lita 20 kwa mwezi. Kwa mwenye bomba ndani hilo si tatizo. Kwa anayenunua maji kwa dumu, ambaye ndiye maskini tunayesema tunamsaidia, gunia ni mtu wa ziada nyumbani. Na siku za ukame hali huwa mbaya kwa wote kwa pamoja: mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji kuingia kwenye mgawo wa maji, nililazimika kuchagua kati ya kufua na kumwagilia, na nyanya nne zilizokuwa na maua zikakauka mbele ya macho yangu.

Wengi wetu hukimbilia maji ya kisima, na hapo kuna balaa ambalo halizungumzwi vya kutosha. Visima vingi vya maeneo ya karibu na bahari vina maji ya chumvi. Shambani mvua huiosha chumvi hiyo ikazama. Kwenye ndoo iliyo chini ya paa la roshani maji huondoka kwa mvuke na chumvi hubaki. Mwaka wangu wa pili niliona utando mweupe juu ya udongo, nikaudhania kuwa ukungu, nikaukwangua kwa kijiko na kuonja kwa ncha ya ulimi: ilikuwa chumvi tupu. Maharage yalikuwa yameshaungua kingo za majani na giligilani ilikuwa imekataa kuota mara mbili, ilhali mchicha uliendelea kukua kana kwamba hakuna kilichotokea. Tangu hapo huzitoa ndoo nje wakati wa masika zikanyeshewa hadi maji yapite kwenye matundu ya chini kwa wingi. Maji hayo, hata hivyo, huondoka pia na rutuba, kwa hiyo kila baada ya masika ni lazima kurudishia mboji. Mboji hiyo ama unainunua ama unaitengeneza kwa maganda ya jikoni, na kuitengeneza huchukua miezi.

Kisha kuna mbu. Mbu anayeeneza homa ya dengue hataki mto wala dimbwi. Anataka chombo kidogo chenye maji yaliyotulia, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi mingi, yakisubiri kulowa. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengue mwaka 2014 na mwaka 2019. Kisahani kinachowekwa chini ya chungu ili kisichafue sakafu kinatosha kabisa: nimewahi kukiinua kimoja nikakuta viluwiluwi vikijipinda, siku tano tu baada ya kukifuta. Anayehimiza watu wajaze nyua zao ndoo na matairi bila kuwaambia wavimwage visahani kila siku ya tatu, au bora wasiviweke kabisa, anaacha nusu ya maelezo.

Suala la upangaji naligusia kwa kifupi. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa ina uzito wa kilo 30 au zaidi, na gunia nililolieleza hupita kilo 200. Mwenye nyumba anayeuliza juu ya roshani yake haonei mtu, na jirani wa chini anayedondoshewa maji ya tope juu ya nguo zilizoanikwa ana malalamiko ya haki. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita naye hana uhakika kama gunia lake litamaliza msimu mahali hapo.

Linalonitia wasiwasi kuliko hayo yote ni jinsi serikali na maofisa wa mipango miji wanavyoweza kulitumia wazo hili. Kenya ilizindua mwaka 2020 mpango wa bustani milioni moja za nyumbani, na Kaunti ya Nairobi ilikuwa imeshapitisha mwaka 2015 sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Nasifu hatua hizo, hasa ya pili, kwa sababu inakitambua kilimo cha mjini kama kazi halali badala ya uvamizi. Lakini bustani ya nyumbani na ardhi ya kilimo mjini ni vitu viwili, na cha kwanza kisiwe sababu ya kukisahau cha pili. Mashamba ya pembezoni mwa Dar es Salaam yanakatwa viwanja kila mwaka, na mkulima wa Msimbazi huambiwa ahame bila kuonyeshwa pa kwenda wala kupewa maji safi ya kumwagilia. Akiondoka, mchicha wetu utasafiri kutoka mbali zaidi, utauzwa kwa bei kubwa zaidi na utafika umelala. Roshani zote za jiji haziwezi kuziba pengo hilo, kwa hesabu ile ile ya gramu 140.

Ningependa basi halmashauri zinazogawa ndoo na miche zigawe pia matangi ya kuvunia maji ya mvua, zipime udongo wa kugawia kabla ya kuugawa, na katika ramani za mipango miji zitenge maeneo ya mboga yenye maji yaliyopimwa, kwa mikataba ambayo mkulima anaweza kuitegemea. Kwa mwenye roshani kama yangu, ndoo sita zinatosha: mbili za viungo, moja ya pilipili, mbili za matembele, na moja ya kumruhusu mtoto apande anachotaka. Ya mwanangu kwa sasa ina mhindi mmoja. Mchicha wa jioni bado naununua kwa mama anayepita na tenga kichwani, na huwa namuuliza ameutoa bonde gani.