Pima Makaa Kabla ya Kuagiza Mtambo

Makaa ya mawe ya Kiwira, Ngaka na Mchuchuma, kusini mwa Tanzania, ni ya tabaka za Karoo, yaani miamba ya kale ya kusini mwa Afrika, ndugu wa makaa ya Afrika Kusini na India. Ukoo huu una tabia moja ngumu: mawe hayakujitenga kama mchanga kwenye mchele, yamefumana na makaa yenyewe. Kwa hiyo kuagiza mtambo wa kuosha kabla ya kupima ni kutupa fedha.

Kipimo chenyewe ni cha kuelea na kuzama. Ponda sampuli hadi milimita 50, chekecha, weka kando vumbi la chini ya milimita 0.5. Tayarisha ndoo za kloridi ya zinki iliyoyeyushwa katika maji, kuanzia densiti 1.3 hadi 1.8, ukihakikisha kila moja kwa haidromita, kifaa cha kupima densiti. Vaa glavu na miwani, maana inaunguza. Anza na ndoo nyepesi. Kilichozama kichuruzike vizuri ndipo kihamie inayofuata, la sivyo utaharibu densiti yake. Suuza kila fungu, kausha, pima, kisha choma kwa nyuzi 815 upate majivu.

Ukitaka kutenganisha makaa na mawe kwenye densiti 1.5, tazama kiasi kilichoangukia kati ya 1.4 na 1.6. Kikiwa chini ya asilimia 7, jigi ya maji, mashine inayopandisha na kushusha maji ili mawe yazame, inatosha. Kikizidi 15, jigi itamwaga makaa mazuri pamoja na mawe. Hapo inatakiwa saikloni, chombo kinachozungusha kwa kasi makaa ndani ya maji mazito yaliyochanganywa na magnetaiti, unga wa madini ya chuma.

Saikloni nayo haitaki uzembe. Yenye kipenyo cha milimita 600 huhitaji maji mazito yasimame angalau mita 5.4 juu ya mlango wake, yaani mara 9 ya kipenyo. Udongo mfinyanzi ukiingia, maji huwa uji na punje ndogo hazitengani tena, basi suuza vumbi mapema. Mdomo wa chini, unapotokea mawe, ukilika na kupanuka, makaa hutoka na mawe: upime mara kwa mara.

Vumbi lile la chini ya milimita 0.5 nisingelikimbilia. Kulielesha kwa povu na dizeli kunawezekana, ila makaa yaliyokaa juani muda mrefu hugoma kushika dizeli, na yanayopona hutoka yamelowa. Kila kilo ya maji hula karibu megajuli 2.5 za joto tanurini. Kiwanda cha saruji, ambacho majivu ya makaa huishia ndani ya klinka, yaani mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji, kinaweza kulipokea likiwa kavu, alimradi kiwango cha majivu hakibadiliki kila lori.