Krediti 13 zinazopotea njiani

Ukikaa na Waswahili wa Marekani, iwe ni Dallas, Minneapolis, Louisville au Portland kule Maine, hutakawia kusikia swali moja juu ya kijana aliyetoka kumaliza sekondari: "Ameingia yunivasiti au yuko komyuniti?" Kwenye neno la mwisho sauti hushuka. Mzazi wa huyo aliye komyuniti naye hukimbilia kueleza kwamba mtoto yupo pale kwa muda tu, mwaka mmoja hivi, kisha atahama. Husema hivyo kama anayeomba radhi.

Aibu hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Nimeona vijana wakiondoka komyuniti, yaani chuo cha jamii kinachotoa digrii ya miaka miwili, na krediti 30 au 40 (krediti ni kipimo cha kozi alizofaulu mtu), bila kufikisha zile 60 za digrii ya miaka miwili, kwa sababu nyumbani hakuna aliyeiona digrii hiyo kuwa kitu. Je, mtu aimalize kwanza ndipo ahamie yunivasiti, au ahame mara tu mlango unapofunguka? Wanaosema ahame mapema wana hoja zao, tena nzito, na nitazifikia. Ila hoja za kumaliza ndizo zisizopata wa kuzisemea mezani petu.

Kuhusu ada hakuna mengi ya kubishania. Kwa mwaka wa masomo 2024-25, College Board ilipiga hesabu ya wastani wa dola 4,050 kwa mkazi wa eneo anayesoma chuo cha jamii cha umma, na dola 11,610 kwa mkazi wa jimbo anayesoma yunivasiti ya umma. Kwa miaka miwili tofauti inapita dola 15,000. Anayehama baada ya mwaka mmoja anapata nusu ya nafuu hiyo, anayemaliza anaipata yote. Fedha kubwa zaidi, hata hivyo, hupotea mahali ambapo watu hawatazami, kwenye krediti zenyewe.

Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilitoa ripoti juu ya wanafunzi waliohama kutoka chuo kimoja kwenda kingine kati ya 2004 na 2009. Ilikadiria kwamba kwa wastani walipoteza asilimia 43 ya krediti walizokwisha kusomea, yaani krediti kama 13.

Namba hii haijanitoka kichwani tangu nilipoisoma. Krediti 13 ni kozi nne, karibu muhula mzima. Ni vitabu vilivyokwisha kununuliwa, ni usiku wa kusoma baada ya zamu kwenye nyumba ya wazee au kwenye ghala, ni fedha aliyolipwa mtu wa kukaa na watoto. Kwa anayesoma kwa ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, ambayo mkimbizi na mwenye kibali cha ukazi wa kudumu wanaweza kuomba, hasara inaingia ndani zaidi. Ruzuku hiyo ina kikomo cha mihula 12 katika maisha ya mtu. Muhula ambao krediti zake zimekataliwa hauondolewi kwenye hesabu, umeshaliwa. Kijana anafika mwaka wa mwisho wa yunivasiti, msaada umekatika, na zimebaki kozi nne ambazo alikwisha kuzisoma kwingine.

Tuipime tena namba hiyo. Ikiwa 13 ni asilimia 43, mhamaji wa wastani alikuwa amebeba krediti kama 30. Huo ni mwaka mmoja tu, nusu ya njia kuelekea digrii ya chuo cha jamii. Hesabu hii ni yangu na ni ya juujuu, wala haithibitishi kwamba kuhama mapema ndiko kulikoleta hasara yote. Ripoti iliwajumlisha wahamaji wa kila namna, hata waliotoka vyuo binafsi vinavyoendeshwa kwa faida kwenda vya umma, ambao walipoteza asilimia 94. Waliohama kati ya vyuo vya umma walipoteza 37. Lakini hata hiyo 37 ni zaidi ya theluthi. Nani kati yetu angekubali fundi amrudishie theluthi mbili tu ya kitambaa alichompelekea?

Krediti hupotea kwa njia mbili, na ya pili ndiyo inayodanganya. Ya kwanza ni yunivasiti kuikataa kozi waziwazi. Ya pili ni kuikubali na kuiweka pembeni. Tuseme binti anataka uhasibu na amehama na krediti 36. Barua inakuja kwamba zote zimepokelewa, nyumbani watu wanashangilia. Wiki mbili baadaye mshauri wa idara anamwonyesha kwamba 21 tu ndizo zinazoingia kwenye digrii ya uhasibu. Zilizobaki zimeandikwa kuwa kozi za hiari, na yeye nafasi za kozi za hiari hakuwa nazo. Hakuna aliyemdanganya, maana krediti zimepokelewa kweli. Zimekosa kazi tu.

Hapa ndipo digrii iliyokamilika inapofanya jambo ambalo transkripti yenye kozi moja moja haiwezi kulifanya. Katika majimbo kadhaa, digrii ya sanaa ya miaka miwili inapokewa kama mzigo mmoja uliofungwa. Florida inamhakikishia mwenye digrii hiyo nafasi katika mojawapo ya yunivasiti zake 12 za umma, japo si lazima iwe ile anayoitamani wala programu anayoitaka, na krediti 36 za elimu ya jumla, yaani kozi za msingi anazotakiwa kila mwanafunzi, hazifunguliwi tena. Washington ina makubaliano yake, yanayojulikana kama DTA, ambayo humfikisha mwenye digrii akiwa amemaliza masharti ya elimu ya jumla. California ilipitisha sheria mwaka 2010 iliyozaa digrii maalumu ya kuhamia: anayeipata ana nafasi katika mfumo wa California State University, anaingia mwaka wa tatu, na katika programu inayolingana na digrii yake asidaiwe zaidi ya krediti nyingine 60. Mwenzake aliyehama na krediti 45 anakaguliwa kozi kwa kozi, na kila kozi inategemea mtu aliyeketi nyuma ya meza siku hiyo.

Mwaka 2014 Peter Crosta na Elizabeth Kopko, watafiti wa kituo cha vyuo vya jamii kilichoko Columbia University, waliliuliza swali hili hili kwa kutumia takwimu za jimbo moja. Waliona kwamba waliopata digrii iliyotengenezwa kwa ajili ya kuhamia walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kumaliza digrii ya miaka minne. Kwa digrii za ufundi, zile zinazoitwa AAS, hawakuona faida hiyo. Tofauti hiyo isipite hivi hivi. AAS imetengenezwa impeleke mtu kazini, na yunivasiti nyingi huzipokea krediti zake kwa shida. Kijana anayeambiwa "maliza digrii yako kwanza" bila kuulizwa ni digrii gani anaweza kumaliza vizuri kabisa na bado akajikuta chini.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya krediti. Takwimu za wanafunzi Marekani zimekuwa zikisimulia hadithi ile ile: wanaoanza chuo cha jamii wakitaka kufika digrii ya miaka minne ni kama wanane kwa kila kumi. Wanaohama kweli ni karibu theluthi moja ya walioanza. Kati ya hao, karibu nusu ndio wanaoipata digrii hiyo ndani ya miaka sita tangu walipoanza masomo. Katika mia moja walioingia, hao ni kama 16.

Wanaotetea kuhama mapema, au kutopita kabisa chuo cha jamii, huitoa hiyo 16 kama ushahidi wao. Wanasema chuo hicho ni kinamasi: kadiri unavyokaa ndivyo unavyozama. Kazi inaongezwa saa, gari linaharibika, mtoto anazaliwa, na ile miaka miwili inakuwa mitano. Kwa hiyo toka ukiwa bado na nguvu. Nawaelewa, kwa sababu nimewaona waliozama.

Mimi naitazama nusu ya pili, wale waliohama na hawakufika. Mtu wa kwetu hukatizwa masomo na mambo ambayo chuo hakina fomu yake. Simu inapigwa usiku kutoka Kisumu au Bukavu, mzee amelazwa, kila mtu anatafuta zamu ya ziada. Msiba unatokea na nauli ya ndege inakula ada ya muhula. Aliyekatizwa akiwa na digrii ya miaka miwili mkononi anaandika kwenye fomu ya kazi kwamba ana digrii. Aliyehama na krediti 40, akaongeza 30 yunivasiti, kisha akakwama, ana krediti 70 na hana chochote cha kuandika. Mkono mtupu haulambwi, na waajiri wa Marekani hawaulambi pia. Watu wazima walio chini ya miaka 65 waliowahi kuingia chuo wakatoka bila cheti chochote wanapita milioni 36 nchini humo.

Sasa haki ya upande mwingine. Anayetaka uhandisi au sayansi ya kompyuta ana sababu nzuri ya kuondoka mapema. Kozi zake zinafuatana kama ngazi, kalkulasi kabla ya fizikia, fizikia kabla ya kozi za idara, na idara nyingine huanza kozi zake mwaka wa kwanza. Akibaki chuo cha jamii kutimiza kozi za jumla ili tu apate karatasi, anaweza kufika mwaka wa tatu kwa jina huku amesimama kwenye ngazi ya mwaka wa pili. Texas nayo ina fungu la elimu ya jumla la krediti 42 ambalo, likikamilika, linahama zima hata bila digrii. Mfumo wa University of California humpokea mhamaji mwenye krediti 60 zinazofaa bila kudai digrii. Katika mazingira kama hayo karatasi haiongezi mengi kwenye kuhama kwenyewe. Ufadhili mnono nao kwa kawaida umewekewa wanaoingia mwaka wa kwanza. Kijana aliyepewa ufadhili kamili tangu sekondari achukue na aende. Kwake hakuna mjadala.

Kwa wauguzi, ambao katika jamii yetu ni wengi, mizani inaelemea upande wa kumaliza. Digrii ya uuguzi ya miaka miwili inamruhusu mtu kufanya mtihani wa leseni wa NCLEX-RN, ule ule anaofanya aliyesoma miaka minne. Msaidizi wa wagonjwa anayehama katikati anabaki msaidizi kwa mshahara ule ule mpaka amalize miaka yote. Aliyemaliza na kufaulu anaanza kulipwa kama muuguzi, kisha anasomea digrii ya juu akiwa kazini, na hospitali nyingine humchangia ada.

Kwa aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi, F-1, mambo yana sura yake. Ada zile nafuu nilizotaja si zake, maana yeye hutozwa kiwango cha wageni. Kwa upande mwingine, kibali cha kufanya kazi cha miezi 12 baada ya masomo hutolewa mara moja kwa kila ngazi ya elimu, na digrii ya miaka miwili ni ngazi. Akihama kabla ya kuimaliza, hakipati kile cha kuhitimu ngazi hiyo. Lakini kazi lazima ihusiane na alichosomea, jambo gumu kwa mwenye digrii ya masomo ya jumla.

Kwa hiyo namwambia kijana asiye na ufadhili mkubwa na asiyesomea uhandisi: baki, maliza, ila katika muhula wa kwanza ujue unakokwenda. Ingia ofisini kwa mshauri na jina la yunivasiti na la programu, uombe kuonyeshwa kwa maandishi kila kozi itaingia wapi. Ukijibiwa "zitapokelewa", uliza zitapokelewa kama nini.

Na ukifikisha 60, usidhani digrii itakuja yenyewe. Vyuo vingi humtaka mwanafunzi aombe kuhitimu kwa kujaza fomu, na asiyeijaza anahama akiwa amekamilisha kila kozi huku kumbukumbu za chuo zikionyesha kwamba hakuhitimu. Zipo njia za kuirudia baadaye, hata kwa kurudisha krediti za yunivasiti kwenye chuo ulikotoka. Rahisi zaidi ni kuuliza tarehe ya mwisho ya fomu hiyo muhula mmoja kabla.