Sanje si maporomoko tu

Mara ya kwanza nilipopanda maporomoko ya Sanje, katika Milima ya Udzungwa, tulikuwa watu kumi na wawili na spika moja ya bluetooth. Tulipanda kwa kasi, tukapiga picha mbele ya maji yanayodondoka mita 170 na ushei, tukala, tukashuka. Nilipofika nyumbani Morogoro mama akaniuliza nimeona wanyama gani. Sikuwa na hata mmoja wa kumtajia.

Mwaka huu nimerudi na binti wa dada yangu, ana miaka kumi na mmoja. Spika hatukubeba. Tulibeba darubini ya kuazima, daftari na kalamu ya risasi, na tukampata mwongozaji ambaye ni mzee wa pale pale, amezaliwa chini ya mlima. Ilituchukua karibu siku nzima kutembea njia ambayo mara ya kwanza niliimaliza kwa saa chache, na nimeshuka nikiwa na maoni ambayo naona niyaseme wazi: wengi wetu tunapanda milima yetu kama watu wanaowahi basi, na tunapoteza karibu kila kitu kilichotupeleka huko.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilitangazwa mwaka 1992, na haiko kama jirani yake Mikumi. Hapa huzunguki na gari ukitafuta simba. Unaingia kwa miguu au huingii. Wapo wanaoliona hilo kuwa upungufu, maana tumezoeshwa kwamba kutazama wanyama ni kutoa kichwa juu ya paa la Land Cruiser. Mimi naona ndiyo heri yake. Ndani ya gari jicho hufanya kazi peke yake. Kwa miguu, sikio hutangulia, pua hufuata, na jicho mara nyingi huwa la mwisho kupata habari.

Mzee alitusimamisha kabla hata jasho halijatoka. Chini bado tuliyaona mashamba ya miwa, lakini hewa ilikwisha badilika, imekuwa ya ubaridi na harufu ya majani yanayooza. "Mwanangu, funga macho," alimwambia mpwa wangu. Tukasikia sauti kama ya mtoto mchanga anayelia juu ya mti. Binti akashtuka, akanishika mkono. Ni ndege, hondohondo. Mzee akatueleza jinsi jike anavyoingia kwenye shimo la mti wakati wa kutaga na mlango ukazibwa, ukabaki mwanya tu, na dume akamlisha kupitia hapo wiki baada ya wiki. "Dume akifa?" aliuliza binti. Mzee alisema ndiyo maana ukiua hondohondo mmoja huenda umeua nyumba nzima. Tulikaa kimya kidogo baada ya hapo.

Mbele zaidi majani mabichi yalianza kutudondokea kichwani. Juu walikuwa mbega wekundu, kundi zima, mikia ikining'inia. Mbega hawa duniani kote hupatikana katika misitu ya Udzungwa na ya karibu nayo tu. Nilimpa binti darubini, akaniuliza, "Mjomba, mbona kidole gumba hawana?" Nilikuwa nimewatazama mbega maisha yangu yote, Jozani, Amani, hata kando ya barabara, na sikuwahi kuona hilo. Ni kweli, gumba lao limebaki kama kinundu. Wanapoyashika matawi kwa vidole vinne kama kulabu, linaonekana kutokuhitajika. Tumbo lao nalo lina vyumba, huvundika majani kabla ya kuyasaga, ndiyo maana tunda bivu lenye sukari nyingi linaweza kuwadhuru wakati majani machanga na matunda mabichi ni chakula chao. Mtoto aliyekaa dakika ishirini chini ya mti mmoja aliona kile ambacho mtu mzima mwenye haraka hakukiona kwa miaka arobaini.

Kisha tukakutana na kinyesi cha tembo, kwenye mteremko ambao mimi mwenyewe niliupanda nikishika mizizi. Binti alikichokoa kwa kijiti, akahesabu mbegu, mbili zikiwa zimeanza kuota. Sitazungumza zaidi juu ya hilo, ila nasema kwamba hakuna somo la sayansi ambalo ningeweza kumnunulia likafikia kile kijiti.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi, nalo ni la majina na wenye majina.

Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa Udzungwa wakasikia mlio wa nyani asiyejulikana kwa sayansi. Mwenyeji aliyewaongoza aliutambua papo hapo. Kwake haukuwa ugunduzi, alikuwa ng'olaga, mnyama wa kawaida wa msitu wa kwao. Leo dunia inamwita mangabei wa Sanje, na hayupo porini popote nje ya Udzungwa. Miaka kama ishirini na minne baadaye jambo lile lile likatokea Mlima Rungwe, kule Mbeya. Wawindaji wa Kinyakyusa walisimulia habari za nyani mwenye haya aitwaye kipunji, na wapo walioona ni hadithi tu. Watafiti walimwona mwaka 2003, mwaka uliofuata akaonekana pia katika msitu wa Ndundulu, huku Udzungwa, na mwaka 2005 akatangazwa kisayansi. Kipunji akawa habari ya dunia nzima. Jina, kwa bahati njema, akabaki nalo.

Ninachokiona katika visa vyote viwili ni kwamba elimu ilikuwepo tayari, imekaa vichwani mwa watu waliotembea msitu kwa miguu na kuusikiliza. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza. Na sisi tunaopanda Jumamosi tunaye mtu kama huyo mbele yetu, tumemlipia, na tunamtumia kama mwonyesha njia na mpiga picha. Tunamwuliza "Tumebakiza kilomita ngapi?" Huo mti anaoushika akivuka kijito una jina, na mama yake aliutumia kwa dawa au kwa mpini wa jembe. Hayo hatumwulizi, na siku akizeeka na kuacha kupanda, yataondoka naye.

Na muziki, jamani. Tulipokaribia maporomoko kundi lilitupita likiwa na spika kama yetu ya siku ile. Mbega walihama miti kabla kundi halijafika. Sikuwa na hasira nao, maana nilijua hawakufahamu walichokikosa. Ila nawaomba, kwa dhati, iacheni spika kwenye basi. Mto wenyewe una sauti, na ile sauti ni sehemu ya mlichokilipia.

Picha ya maji tulipiga moja tu. Tulipokuwa tunashuka mzee akainua kiganja, tukasimama. Mbele yetu, chini kabisa, si mitini, nyani wa kijivu walikuwa wakipekua majani makavu kwa mikono, wakitafuta mbegu na wadudu kama akina mama wanaochambua mchele. Mmoja alituangalia, akaendelea na kazi yake. Kisha kutoka mbali dume akalia, ule mlio wa kupaza na kumalizia kwa gugumo, na nywele za mikono zikanisimama.

Binti alikuwa amefungua daftari. "Babu, huyu ndiye ng'olaga?"

"Ndiye."

Akaandika hilo kwanza. Kisha akanigeukia mimi kuuliza herufi za lile jina lingine.