Tabora: msitu unaoishia ukutani

Mjadala wa misitu hapa Tabora huwa unaanza na lori lililokamatwa usiku na magogo ya mninga. Picha inasambaa, watu wanalaani, kisha wanagawanyika. Upande mmoja unataka uvunaji ufungwe kabisa. Wa pili unasema mti usiomwingizia mwanakijiji chochote hauwezi kupata mlinzi. Zote ni hoja za watu makini, lakini zote mbili zimelikazia macho gogo la mbao peke yake, wakati misitu yetu ya asili ya miombo inaisha kwa njia nyingine: inafyekwa kupisha mashamba, na inachomwa. Inachomwa kwenye mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku, na kwenye majiko ya mkaa. Inachomwa pia kwenye matanuru ya tofali, na hayo ndiyo yasiyotajwa.

Wanaotaka kufunga wana sababu nzito. Tathmini ya kitaifa ya misitu, NAFORMA, iliyotolewa mwaka 2015, ilikadiria kwamba nchi inapoteza zaidi ya hekta 370,000 za misitu kwa mwaka. Mninga nao si mti wa kungojea. Unahitaji miaka 80 hadi 100 kufikia unene wa kupasuliwa mbao, kwa hiyo unaokatwa leo huenda ulikuwa mche miaka michache tu baada ya reli ya kati kufika Tabora mwaka 1912. Ndugu yake mkurungu aliwindwa kwa ajili ya soko la nje mpaka akaingizwa mwaka 2019 kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Mwaka 2022 jamii yote ya miti hiyo barani Afrika, mninga ukiwemo, ikaongezwa. Dunia haifanyi hivyo kwa mti unaojitosheleza.

Wa upande wa pili wanajibu kwa mfano wa Kilwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuupangia uvunaji na kukusanya mapato. Kilwa walifanya hivyo kwa mpingo, na mwaka 2009 misitu ya vijiji vyao ikapata cheti cha FSC, cheti kinachomhakikishia mnunuzi kwamba mti umevunwa kwa mpango. Fedha ikaingia kijijini, na ulinzi ukafuata. Hapa kwetu mrina asali anaelewa jambo hili bila semina. Kwake mti uliosimama ni mapato ya kila msimu, ingawa mzinga wa magome nao unaua mti uliobanduliwa gome hilo, na hilo lazima lisemwe.

Mimi niko na hawa wa pili, kwa sharti moja: fedha ya mti ifike kijijini ulikokatwa, isiishie kwenye ushuru na vibali vya mjini. Msitu uliofungwa kwa tangazo tu, bila mtu wa karibu mwenye faida nao, ndio unaovunwa usiku.

Lakini tukikubaliana hapo bado hatujagusa ujenzi, na ndipo hoja ya nyumba za kijani, yaani nyumba zisizochafua mazingira, inapotufikia ikiwa imepinda. Ulaya na Marekani wanasifu mbao kwa sababu karibu nusu ya uzito wa ubao mkavu ni kaboni, na kaboni hiyo inabaki ndani ya jengo badala ya kurudi hewani. Norway wana Mjøstårnet, ghorofa 18 za mbao, lililokamilika mwaka 2019. Milwaukee, Marekani, wana Ascent la ghorofa 25, la mwaka 2022. Mambo mazuri, na yanawezekana kwa sababu wana mashamba makubwa ya miti na viwanda vya kugandisha mbao kwa gundi ziwe nguzo na kuta. Mtu wa Kaliua akiambiwa ajenge ukuta wa mbao atauliza kwanza habari za mchwa, na atakuwa sahihi. Paa lake tayari ni la mbao, na mara nyingi ni paini au mlingoti, yaani mkaratusi, wa kupandwa, mbao zinazotoka nyanda za juu kama Sao Hill huko Mufindi. Kwa paa hatuna ugomvi mkubwa. Swali liko ukutani.

Tazama tanuru linavyotengenezwa. Vijana wanachimba udongo, mara nyingi wa kichuguu kwa sababu unashika vizuri, wanaufyatua na kuuanika. Tofali zikikauka wanazipanga ziwe kama nyumba ndogo isiyo na mlango, chini wameacha midomo ya kuingizia kuni. Nje wanaikandika tope ili joto lisitoroke. Kisha yanasukumwa magogo, si vijiti. Mtundu mnene, myombo, mti wowote wenye moto wa kudumu, na unachochewa usiku na mchana mpaka tofali za juu kabisa ziive. Hata hivyo za pembeni hutoka nusu mbichi na kutupwa au kuuzwa bei ya chini. Zile nzuri zikishajengwa na kupigwa lipu, huoni mti. Unaona nyumba imara ya kudumu, na mwenye nyumba anasifiwa kwa kuachana na miti na udongo.

Anayetetea tofali ya kuchoma hatetei upuuzi. Inampa kijana kazi bila mtaji, fedha inazunguka palepale kijijini, na nyumba inahimili mvua. Anayesema aache sharti amwonyeshe mbadala. Upo: tofali za kufungamana, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezitangaza kwa miaka mingi. Ni udongo na saruji kidogo, vinashindiliwa kwa mashine ya mkono, vinamwagiliwa maji kivulini, havichomwi. Zinaumana zenyewe, kwa hiyo udongo wa kujengea unapungua.

Ugumu wake ni wa kweli. Saruji inatusafiria kutoka pwani au Mbeya, bei inapanda njiani, na saruji yenyewe ndiyo chanzo cha karibu asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa duniani. Udongo mweusi wa mbugani haufai, na mashine ina gharama kwa mtu mmoja. Hata hivyo napima hivi: saruji kidogo katika tofali isiyochomwa hainitishi kama mtundu wa miaka mingi uliogeuka majivu kwa ajili ya ukuta mmoja. Na kwa Igunga na Nzega, wanakolima mpunga, hata anayeng'ang'ania kuchoma anaweza kutumia pumba, kama wafyatuaji wa mikoa mingine wanavyofanya.

Kuhusu karatasi niseme kwa ufupi. Kurejeleza maboksi na madaftari ni kuzuri, kunaokoa maji na umeme wa kiwandani, ingawa nyuzi zinafupika kila zinaporudiwa na baada ya mara 5 hadi 7 zimechoka. Ila karatasi ya kiwanda cha Mgololo, Mufindi, inatokana na paini ya kupandwa, si miombo. Kwa hiyo kampeni ya karatasi shuleni haiokoi mninga hata mmoja wa Sikonge. Itauokoa pale karatasi hizo zitakapolowekwa, zikachanganywa na vumbi la mbao na kufinyangwa kuwa mkaa mbadala unaochukua nafasi ya gunia la mkaa.

Serikali imeonyesha kwamba ikitaka inaweza kugusa moto. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Kama jina lake linavyosema, huo ni wa jikoni. Kwa tanuru, hali ni kinyume: darasa au zahanati ya kijiji inapoanza kujengwa kwa nguvu za wananchi, kila kaya inaombwa tofali, na tofali inayopokelewa ni iliyochomwa. Yaani mradi wa umma wenyewe unaagiza magogo. Hapo ndipo halmashauri za Urambo, Kaliua, Uyui na Sikonge zingeanzia: mashine ya kushindilia ikae kata, kaya ichangie udongo na siku za kazi, halmashauri ilete saruji. Kijana aliyekuwa anapanga tanuru ndiye apewe mashine, maana tukimwacha nje atarudi porini na shoka, na hatutakuwa na la kumwambia.