Nilivyovua Koti Ohio

Mpwa wangu anasoma Columbus, Ohio, na tangu anipokee uwanja wa ndege alikuwa na wimbo mmoja tu: Jumamosi, Mjomba, Jumamosi chuo chetu kinacheza. Nikamuuliza kinacheza na nani.

"Wenyewe kwa wenyewe."

Nilifikiri ananitania. Kumbe kweli. Msimu wa mpira wao wa helmeti unaanza mwishoni mwa Agosti, ila Aprili timu inagawanywa mafungu mawili, wanagongana mbele ya watu kufunga mazoezi. Yaani Simba A na Simba B. Na watu wanajaa! Mwaka 2016 waliingia 100,189 kutazama hayo mazoezi. Sisi kwa Mkapa tunaingia 60,000, tena mpaka iwe siku ya watani wa jadi na msemaji wa klabu apige tarumbeta wiki nzima.

Basi Jumamosi ikafika. Aprili ya Ohio asubuhi ni Lushoto ya Julai ukizidisha mara mbili. Nikavaa sweta langu zito la kofia, mtumba gredi ya kwanza, nimelichomoa mwenyewe sokoni Karume kwa elfu saba baada ya kubishana na muuzaji mpaka jirani yake akatuonea huruma. Bluu iliyokolea, kifuani herufi M kubwa ya njano. Mimi naitwa Musa. Nililiona limeandikwa kwa ajili yangu. Juu yake nikatupia koti, zipu mpaka kidevuni. Mpwa alitoka zamu ya usiku ghalani akanikuta getini nimeshajifunga hivyo, tukaondoka.

Njiani watu wote wamevaa nyekundu, nikajisikia nyumbani, maana mimi ni wa Msimbazi tangu utotoni. Akapita mzee, akanitolea macho: "O-H!" Nikamjibu, "Salama, mzee." Akabaki ameduwaa. Wa pili: "O-H!" Nikasema poa. Wa tatu nikampungia mkono tu. Ndipo mpwa akanifafanulia kwamba hiyo ni hodi yao, na karibu yake ni "I-O", vikiungana unapata jina la jimbo. Nikaahidi kujirekebisha.

Uwanja wenyewe ni wa mwaka 1922, umepinda kama kiatu cha farasi, viti zaidi ya laki moja. Tulikaa juu, wachezaji wakawa kama njugu zenye helmeti. Mpira una umbo la embe dodo. Una nafasi nne za kusogea yadi kumi, ukishindwa unawapa wenzako. Hilo nilielewa haraka. Lililonishinda ni yule kijana anayerusha, kwotabeki. Majitu ya kilo mia na ushee yanamfuata mbio, yakimkaribia yanafunga breki, filimbi inalia. Nikasimama kupiga kelele: "Mkamateni! Mnamwogopa nini?" Mpwa akanivuta chini. Kumbe mazoezini huyo haguswi, wanamtunza asivunjike kabla ya msimu. Hapo nikamwelewa vizuri. Ndiye yule mtoto mwenye mpira wake mtaani kwetu: ukimchezea rafu anabeba mpira anarudi kwao, na mechi imeishia hapo.

Kadiri ya saa sita jua likatoka. Jua la kweli, la kuchoma kisogo. Jasho likaanza kunitiririka mgongoni, nami bila wazo lolote baya nikasimama, nikashusha zipu, nikavua koti.

Kwanza kukawa kimya. Halafu kijana mmoja safu ya chini akageuka na ndoo yake ya bisi, akaitazama M, akanitazama mimi, akaitazama tena M. Akaanza: "Buuuu!" Safu nzima ikaitikia. Nikadhani kuna mtu kakosa goli, nami nikapiga buuu kwa nguvu zangu zote.

"Mjomba," mpwa alinong'ona, sauti imekauka, "hilo sweta umelitoa wapi?"

"Karume."

"Hiyo M ni ya Chuo Kikuu cha Michigan, jimbo jirani! Wamechukiana na hawa tangu 1897. Novemba, wiki ya mechi yao, kila herufi M hapa chuoni inawekewa utepe mwekundu, mpaka kwenye vibao vya majengo. Wewe umewaletea ya kwako kifuani!"

Koti nilishalikalia, na kwa papara zipu ikagoma katikati. Nikabaki nimeikumbatia ile M kwa mikono miwili kama mtu aliyefumaniwa bafuni. Aliyeniokoa ni bibi mmoja wa safu ya nyuma. Alitoa blanketi jekundu mkobani, akanizungushia begani mpaka magotini bila kusema neno. Nikawa morani wa Kimaasai, kasoro fimbo. Watu wawili wakaomba kupiga picha na mimi.

Bibi akainama. "Mwanangu, ulinunua wapi kitu hicho?"

Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kubahatisha: huwa zinakuja kwa meli kwenye belo, nguo mlizochoka nazo huku, kwetu zinamwagwa chini tunachagua. Akatafakari. Macho yakamng'aa. Akasimama, akawatangazia majirani kwa sauti ya mnadi samaki:

"Jamani! Michigan wanatupa masweta yao! Yanakwenda Afrika kwa belo!"

Wakalipuka kwa vifijo. Siku ile sikusikia shangwe kubwa kama ile, hata kwa tachidauni, ndilo goli lao. Yule kijana wa bisi akanipitishia ndoo nichote. Mtu akaniitia "O-H!", nikamjibu sawasawa, wakanipigapiga mgongo juu ya blanketi.

Sikuona haja ya kuwaambia lililobaki. Siku ile Karume, kwenye kamba hiyohiyo, lilining'inia sweta jingine, jekundu, lenye O kubwa kifuani, zima kabisa, kwa elfu tano. Nililiacha kwa sababu nilidhani ni sifuri.