Shukrani ya Kila Mwisho wa Mwezi

Bahasha ilikuwa ya kaki, na juu yake, kwa kalamu ya kijani, pameandikwa neno moja: Shukrani. Ndani mlikuwa na shilingi 15,000. Mzee aliyenionyesha ni askari wa usiku wa kanisa moja hapa Malindi, na bahasha kama hiyo amekuwa akiipokea kila tarehe 28 kwa miaka tisa. Hakuja kwangu kwa ajili ya bahasha. Alikuja kwa sababu mguu ulimvimba akaenda hospitali, akaambiwa michango yake ya SHA, bima ya afya ya serikali, haionekani, na kwa kuwa hana mwajiri kwenye mfumo, itabidi alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo.

"Sina mwajiri vipi, mwanangu?" akaniuliza. "Na lile lango kila magharibi namfungia nani?"

Mimi huandika vitabu vya hesabu vya makanisa mawili, madrasa moja na kituo cha watoto. Kote huko nimekuta imani moja, na ndiyo inayotuponza: kwamba nyumba ya ibada au shirika la msaada halina habari na kodi za mishahara, kwa sababu limesamehewa.

Msamaha upo, sikatai. Sheria ya Kodi ya Mapato inasamehe mapato ya taasisi iliyoundwa kwa ajili ya kuondoa umaskini, kuendeleza dini au kuendeleza elimu. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, hutoa hati yake, hudumu miaka mitano, kisha unaomba tena. Lakini yanayosamehewa ni mapato ya taasisi yenyewe. Pesa ya mpishi ikishamtoka mweka hazina mkononi, si ya kanisa tena, ni mshahara wa mpishi, na mshahara una hesabu zake. Tena wengi wanaonirushia neno "msamaha" hata hiyo hati hawana. Wanachonionyesha ni cheti cha usajili wa chama, kimewekwa fremu, kimetundikwa juu ya kabati la vitabu vya nyimbo. Mashirika nayo yana lao: tangu Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ianze kutumika Mei 2024 na kuiondoa ile ya NGO ya 1990, kila kikao ni habari ya usajili mpya, na ya mishahara inasukumwa hadi kikao kijacho.

Turudi kwa Mzee. Kwa shilingi 15,000 hadaiwi hata senti ya kodi ya mshahara, maana asilimia 10 ya shilingi 24,000 za kwanza humezwa na nafuu ya 2,400 kwa mwezi. Hapo ndipo wazee wa kanisa hufunga daftari wakasema, basi yameisha. Hayajaisha. NSSF, akiba ya uzeeni, ni asilimia 6, yaani 900 kutoka kwake na 900 nyingine kutoka kwa mwajiri. Bima ya afya ni asilimia 2.75, yaani 412.50, hiyo yote juu yake. Tozo ya nyumba ni asilimia moja na nusu kila upande, 225 kwa 225. Mzee angekwenda nyumbani na 13,462.50, na kanisa lingeongeza 1,125 juu ya ile 15,000. Nilipompigia hesabu hiyo kwenye karatasi, kile cha kukatwa hakikumuudhi kama nilivyodhani. Kilichomuudhi ni ule mchango wa pili wa NSSF, wa kanisa, ambao kwa miaka tisa haukuwekwa popote.

Na ripoti lazima iende hata kama kodi ni sufuri. Hili ndilo watu hawaliamini mpaka liwakute. Kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, fomu ya P10, ya kodi za mishahara, iwe imepanda kwenye iTax, tovuti ya KRA. Ukichelewa, faini ni asilimia 25 ya kodi au shilingi 10,000, kubwa kati ya hizo mbili. Robo ya sufuri ni sufuri, kwa hiyo unalipa 10,000. Mimi naona hapa serikali imekosa busara. Kuna makanisa upande wa Kakoneni ambayo sadaka ya Jumapili nne haifiki hapo. Mtu wa kodi atasema sheria haina macho, lakini aliyeiandika alikuwa nayo.

Kazi yenyewe mtu asikudanganye kuwa ni ya kubofya tu. Faili la P10 ni la Excel, linataka kompyuta yenye makro (programu ndogo za ndani ya faili) zilizowashwa, simu hailiwezi. Usiku wa tarehe 8 saiba za mjini utatukuta sisi wa aina moja, mfuko wa karatasi mapajani, tunaomba umeme usikatike. PIN ya mfanyakazi, yaani namba yake ya kodi, ina tarakimu tisa katikati na herufi kila mwisho. Ukikosea moja, faili linagoma kujifunga na halikwambii kwa lugha ya kueleweka limegomea wapi. Mwaka jana kanisa moja lilinipa kazi ya kuwasilisha ripoti za miezi minane zilizolala. Nywila haikuwepo. Nikaomba mpya, ikatumwa kwa barua pepe ya mweka hazina wa zamani, ambaye yuko Qatar anaendesha lori na hana hamu ya kukumbushwa kamati. Siku nne tukimbembeleza kwa WhatsApp.

Wenzetu wa misikiti wasicheke. Muadhini anayelipwa kutokana na pango la maduka ya wakfu, na mwalimu wa madrasa anayelipwa kutokana na ada za wazazi, hao nao wana mwajiri, ila mwajiri ni kamati, na kamati haina uso. Ustadh mmoja aliniambia kwamba kuandikisha mshahara wake kungemtia aibu, kwani kufundisha Qurani ni ibada. Sikubishana naye. Nilimuuliza tu kama akiugua, hospitali itapokea ibada.

Neno linalofichia haya yote ni moja kati ya matatu: posho, shukrani, kujitolea. Anayekuja Jumamosi kufagia kisha akapewa nauli, huyo kweli amejitolea. Lakini pesa ileile, tarehe ileile, kwa kazi ileile, ni mshahara, uupake rangi gani. Hata kibarua wa siku, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, akifanya kazi mfululizo mwezi mzima, hahesabiwi tena kibarua. Na mchungaji aliyepewa nyumba kwa sababu ya kazi yake, nyumba hiyo nayo huingia kwenye hesabu ya kipato. Nikilisema hili kikaoni, watu hukohoa.

Wafadhili wa kituo cha watoto, Wamarekani, hushangaa tunavyoshangaa. Kwao kanisa halihitaji hata kuomba msamaha wa kodi, na bado kwa kawaida kila robo mwaka linajaza fomu 941 ya yale yaliyokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi wake. (Na msinisomee ule mstari wa Kaizari. Tumeshauchosha.)

Nimewahi kuambiwa nikiendelea hivi makanisa madogo yatawafukuza askari na wapishi kwa kukosa ile 1,125. Hofu hiyo ninayo mimi pia. Kanisa la Mzee, hata hivyo, mwezi huohuo lilinunua spika mbili na kichanganya sauti, na risiti niliiweka kwenye faili mwenyewe.

Tulimwandikisha mwezi uliofuata. Nilimchapishia hati yake ya mshahara, akavaa miwani, akaifuata kwa kidole mstari kwa mstari hadi kwenye NSSF.

"Hii 900 wametia na wao?"

"Wametia, Mzee."

Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kofia. "Na ya ile miaka tisa?"

Nimeiandika kuwa ajenda ya kwanza ya kikao cha Alhamisi. Mwenyekiti ameniomba niihamishie kwenye mengineyo.