Cheti Ukutani Hakishikilii Nguzo

Levi Strauss ilitoa kanuni za maadili kwa viwanda vinavyoishonea nguo mwaka 1991, na Nike ikafuata mwaka 1992. Leo ni vigumu kupata kampuni kubwa ya nguo isiyo na kijitabu cha aina hiyo: watoto wasiajiriwe, mtu asilazimishwe kazi, saa za ziada zilipwe, jengo liwe salama. Vijitabu vilikuwa vimesambazwa kwa zaidi ya miaka 20 pale jengo la Rana Plaza, huko Savar karibu na Dhaka, Bangladesh, lilipoporomoka na kuua watu 1,134. Ndani yake mlikuwa na viwanda vitano vilivyoshonea masoko ya Ulaya na Amerika Kaskazini, na baadhi yake vilikuwa vimeshakaguliwa kwa niaba ya wanunuzi.

Msimamo wangu ni huu: ahadi ya maadili ambayo mfanyakazi hawezi kuidai mbele ya hakimu au msuluhishi, na ambayo haigusi bei wala tarehe ya oda, haimlindi mtu yeyote isipokuwa jina la kampuni iliyoiandika.

Rana Plaza haikuanguka kwa bahati mbaya. Lilijengwa kwa ajili ya maduka na ofisi, juu ya ardhi iliyokuwa bwawa na kufukiwa, kisha likaongezewa ghorofa bila kibali halali. Ghorofa za juu zikajazwa cherehani, marobota ya vitambaa na jenereta kubwa. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana kwenye nguzo na watu wakatolewa nje. Kesho yake benki na maduka ya chini hayakufunguliwa. Washonaji waliambiwa warudi kazini, na wengine wakatishiwa kukatwa mshahara. Umeme ulipokatika asubuhi ile, jenereta zikawashwa, sakafu zikatikisika, na jengo likashuka lote.

Kwa nini meneja alirudisha watu ndani? Alikuwa na meli ya kuwahi. Na kwa nini karani wa benki alibaki nyumbani salama? Benki haikuwa na oda ya kuchelewa. Watu wawili katika jengo moja, wanaoona ufa uleule, walipata maamuzi tofauti kwa sababu ya mkataba wa biashara uliokuwa nyuma ya kila mmoja. Mjadala wote wa maadili ya biashara ya kimataifa ungeanzia hapo, lakini kwa kawaida unaanzia kwenye ripoti ya mwaka yenye picha za wanafunzi na miche ya miti.

Ukaguzi wenyewe hufanyika hivi. Mnunuzi hudai cheti, kiwanda hutafuta kampuni ya ukaguzi, na mara nyingi kiwanda ndicho kinacholipa. Wakaguzi, mmoja au wawili, huja kwa siku moja hadi tatu. Hukutana na uongozi, huzunguka kiwandani, hupitia madaftari ya mishahara ya miezi michache, huhoji wafanyakazi kadhaa, kisha huacha orodha ya marekebisho. Ziara mara nyingi hujulikana mapema, au kiwanda hupewa kipindi cha wiki chache ambamo mkaguzi atatokea. Muda huo unatosha kuhamisha marobota yaliyoziba milango, kujaza mitungi ya kuzimia moto na kuwafundisha watu majibu. Kampuni ya ukaguzi inayoangusha viwanda vingi hujikuta haiitwi tena. Ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani.

Ujanja unaofahamika zaidi ni daftari mbili: moja la kumwonyesha mkaguzi, lenye saa 60 kwa wiki na Jumapili ya kupumzika, na jingine la kulipia watu kweli. Mkaguzi hodari hashindani na daftari la mishahara. Huomba daftari la sindano zilizovunjika. Katika viwanda vingi vya nguo za kuuza nje, sindano ikivunjika vipande vyote lazima vitafutwe na kubandikwa kwenye karatasi, pamoja na namba ya cherehani, tarehe na saa, kwa sababu kipande kikibaki kwenye nguo ya mtoto mnunuzi atairudisha shehena nzima. Daftari hilo halidanganyi kirahisi, maana linaandikwa kwa ajili ya ubora na halikutarajiwa kusomwa na mtu wa haki za kazi. Sindano iliyovunjika Jumapili saa tatu usiku inaonyesha kwamba Jumapili saa tatu usiku kuna mtu alikuwa anashona. Kitabu cha jenereta na cha walinzi wa geti husema hivyohivyo. Atakayesoma ripoti ya ukaguzi aangalie kama vitabu hivyo vililinganishwa na mishahara. Kama havikulinganishwa, sehemu ya saa za kazi aisome kwa tahadhari kubwa.

Halafu kuna mambo ambayo ukaguzi wa aina hii haugusi kabisa. Baada ya Rana Plaza ilielezwa kwamba uimara wa jengo haukuwa sehemu ya kazi ya wakaguzi wa masuala ya kijamii, yaani wa haki na mazingira ya kazi. Kwa maelezo ya kazi yao, hilo ni kweli. Kupima nguzo kunahitaji mhandisi, kifaa cha kutambua nondo ndani ya zege, sampuli za zege za kuvunjwa maabara, na hesabu ya uzito unaowekwa kila sakafu. Mtu mwenye orodha ya maswali na siku mbili hawezi. Lakini cheti kinapotundikwa mapokezi hakiandikwi kwamba nguzo hazikuangaliwa.

Miezi saba kabla ya Rana Plaza, Septemba 2012, kiwanda cha Ali Enterprises mjini Karachi kiliungua na watu zaidi ya 250 wakafa. Wiki chache tu kabla ya hapo kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000, mojawapo ya vyeti vinavyoheshimika zaidi katika fani hii. Mahakama nchini Pakistan baadaye iliamua kwamba moto uliwashwa makusudi. Hilo halikisafishi cheti: madirisha yalikuwa na nondo na njia za kutokea zilikuwa zimefungwa, na ndiyo sababu watu wengi vile hawakutoka.

Sasa nifike kwenye bei na tarehe, maana hapa ndipo kampuni nyingi zinazojisifu kwa maadili hukaa kimya. Chukua oda ya mashati 60,000. Kiwanda kina laini sita za kushonea, na kila laini inatoa mashati 500 kwa zamu ya saa nane. Hayo ni mashati 3,000 kwa siku, yaani siku 20 za kazi. Meneja akakubali oda kwa hesabu hiyo. Kisha ofisi ya mnunuzi ikachelewa siku nane kupitisha rangi ya kitambaa, lakini tarehe ya meli haikusogezwa. Zimebaki siku 12, na kila siku yanahitajika mashati 5,000. Kila laini itoe 833. Kwa kasi ileile hiyo ni zamu ya saa 13 na dakika 20, bila kuhesabu kwamba mtu aliyechoka hupunguza kasi na kuharibu mishono. Meneja ana njia tatu: avunje kanuni za saa za kazi, apitishe kazi kwenye kiwanda cha pembeni ambacho mkaguzi hajawahi kukiona, au achelewe na kulipia mzigo uende kwa ndege, na hapo faida ya oda yote inaweza kuliwa. Mkaguzi akija ataandika kosa la kiwanda. Barua pepe ya mnunuzi iliyochelewesha rangi haimo kwenye faili lake.

Malipo nayo yana mzigo wake. Viwanda vingi hununua kitambaa na kulipa mishahara mwanzo, halafu husubiri siku 60 au 90 baada ya mzigo kuondoka ndipo walipwe. Machi na Aprili 2020, janga la korona lilipofunga maduka, wanunuzi wengi walifuta au kuahirisha oda, zikiwemo nguo zilizokwisha kushonwa. Baadhi walirudi kulipa baada ya kelele za umma. Wengine walidai punguzo. Kanuni zao za maadili zilikuwa bado tovutini, na hakuna ibara hata moja iliyowalazimisha kulipia nguo walizoagiza wenyewe.

Je, kuna kilichofanya kazi? Kipo, na kina jina. Mei 2013 vyama vya kimataifa vya wafanyakazi, IndustriALL na UNI, vilisaini na kampuni za nguo Mkataba wa Usalama wa Moto na Majengo Bangladesh, unaojulikana kama Accord. Kampuni zaidi ya 200 zikaingia, na viwanda takriban 1,600 vikawekwa chini yake. Tofauti yake na vijitabu iko katika ibara chache. Kampuni zililipa gharama ya ukaguzi kwa kadiri ya ukubwa wa manunuzi yao, hadi dola 500,000 kwa mwaka. Wakaguzi walikuwa wahandisi, na ripoti zao ziliwekwa hadharani kiwanda kwa kiwanda. Mnunuzi alilazimika kuhakikisha kwamba kiwanda kina uwezo wa kifedha wa kufanya matengenezo. Kiwanda kilichokataa kurekebisha kilipoteza wanunuzi wote waliosaini, si mmoja tu. Mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kuingia jengo analoamini ni hatari. Na kampuni iliyovunja mkataba ingeweza kupelekwa kwa wasuluhishi, uamuzi wao ukatekelezwa na mahakama za nchi yake.

Ibara hiyo ya mwisho haikubaki karatasini. Mwaka 2016 vyama viliwapeleka wanunuzi wawili kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, The Hague. Kesi zote mbili ziliisha kwa makubaliano, na katika moja kampuni ilikubali kulipa dola milioni 2.3, nyingi zikiwa za matengenezo ya viwanda. Ni vigumu kukumbuka kijitabu cha hiari kilichowahi kulipisha mnunuzi kiasi hicho.

Kazi iliyofanyika viwandani haikuwa ya kupendeza macho: mageti ya kukunja yenye kufuli yaliondolewa, milango inayozuia moto ikawekwa kwenye ngazi, ving'ora vikafungwa, matangi ya maji ya juu ya paa yakapunguzwa, mistari ikachorwa sakafuni kuonyesha mwisho wa kupanga mizigo, na nguzo dhaifu zikaongezwa unene. Ukaguzi wa awali peke yake ulitoa makosa zaidi ya 80,000 ya kurekebisha, katika viwanda ambavyo vingi vilikuwa na vyeti.

Kwa Afrika mfano wa kuufuata uko Lesotho. Mwaka 2019, baada ya uchunguzi kufichua unyanyasaji wa kingono katika viwanda vya jinzi vya Nien Hsing mjini Maseru, ambako wasimamizi waliwadai wanawake ngono ili wapate au wabaki na kazi, Levi Strauss, Kontoor Brands na The Children's Place zilisaini makubaliano yanayobana na vyama vya wafanyakazi pamoja na mashirika ya wanawake. Chombo huru kikaundwa kupokea na kuchunguza malalamiko, chenye uwezo wa kuamuru msimamizi afukuzwe, na kampuni zikakubali kupunguza oda kama kiwanda kingekaidi. Viwanda hivyo pia vilikuwa vimekaguliwa mara nyingi, na wakaguzi walikuwa hawajaukuta uozo huo. Mwanamke haelezi habari ya namna hiyo kwa mgeni mwenye kalamu, katika chumba kilichopangwa na bosi.

Athi River na maeneo mengine ya viwanda vya kuuza nje nchini Kenya yamekuwa yakishonea Marekani chini ya AGOA, sheria ya Marekani iliyofungulia bidhaa za Afrika soko bila ushuru, tangu mwaka 2000, na vyeti vya huko ni vilevile. Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inataka kamati ya usalama kila penye wafanyakazi 20 au zaidi, na ukaguzi kila mwaka. Kamati hiyo ina thamani kama wajumbe wake wamechaguliwa na wenzao, wana nakala ya ripoti ya mhandisi, na wanaweza kusimamisha laini bila kufukuzwa. Chama cha wafanyakazi kinachojadiliana na kiwanda kiombe pia jina la mnunuzi, tarehe ya kupitishwa sampuli na tarehe ya meli. Bila karatasi hizo tatu, mjadala wa saa za ziada unabaki kati ya meneja na mshonaji, na aliyesababisha hayupo chumbani.

Hoja ninayoisikia zaidi dhidi ya haya yote ni kwamba wawekezaji watahama. Bangladesh ilijibu kwa takwimu: mauzo yake ya nguo nje yalikuwa takriban dola bilioni 21.5 katika mwaka wa fedha 2012/13, na yalipita bilioni 34 mwaka 2018/19, miaka ileile ya ukaguzi mkali zaidi. Wanunuzi walibaki.

Walichokikwepa ni mshahara. Accord haikuugusa. Mwishoni mwa 2023 wafanyakazi wa Bangladesh waliandamana wakidai kima cha chini cha taka (sarafu ya Bangladesh) 23,000 kwa mwezi, baadhi yao wakauawa, na serikali ikaweka taka 12,500. Kampuni kadhaa zilitoa kauli za kuunga mkono nyongeza. Kauli hizo zingekuwa na uzito kama kila oda iliyofuata ingekuwa na mstari unaotenga gharama ya kazi katika bei ya shati, usiopunguzwa wakati wa kubishana bei, na unaoweza kudaiwa kwa wasuluhishi kama nguzo na milango ilivyodaiwa.